Kabla Zawena Hajamgusa Imari

Safari hii alikuwa mbuzi.

Gwantwa aliusoma ukurasa mara mbili ili awe na hakika. Zawena, binti wa ukungu, alikuwa amesimama mlangoni mwa jumba la majivu, mkono ameunyoosha, vidole vimebakiza upana wa punje ya ulezi kufika kwenye shavu la Imari, mtoto wa watu wa moto. Vitabu sita vizima wasomaji walikuwa wakiungoja mkono ule ufike. Hapo ndipo mbuzi alipoingia. Mbuzi mweupe mwenye kengele, akaanza kutafuna upindo wa nguo ya Zawena. Imari akacheka, Zawena akamkimbiza mbuzi, sura ikaisha.

Kabla ya mbuzi daraja lilikatika. Kabla ya daraja alikuja mjumbe, na kabla ya mjumbe Zawena alikumbuka kwamba ameacha viatu mtoni.

"Tusekile," Gwantwa alisema. "Mbuzi?"

"Mbuzi ana kazi yake," sauti ilijibu kutoka kwenye kipaza sauti kilichokuwa mezani. "Subiri utaona."

"Nasubiri tangu mvua za kupandia."

"Na mimi nimekufa tangu kabla ya mvua hizo, mbona silalamiki?"

Gwantwa alicheka bila kutaka, kisha akajikunja kwenye kiti. Sauti ilikuwa ya Tusekile kabisa, na ule ukwaruzo wa koo na namna ya kuvuta neno la mwisho kama mtu anayefunga mlango kwa taratibu. Tusekile mwenyewe alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba ya wazazi wake, katikati ya migomba, na Gwantwa alikuwa ametupa udongo kwa mkono wake. Kilichokuwa mezani ni mwangwi.

Mwangwi ulitengenezwa kwa maneno. Gwantwa, mhariri wa Tusekile tangu kitabu cha kwanza, ndiye aliyeulisha: rasimu zote, zilizokubaliwa na zilizotupwa, jumbe za sauti, mabishano yao ya ofisini, hotuba za uzinduzi, hata manung'uniko ya Tusekile juu ya chai ya ofisi. Mitambo iliyafumua hayo yote na kuyafuma upya, ikawa kitu kinachojibu kama yeye na kuandika kama yeye. Ilikuwa imepangwa ukutani nyuma ya pazia, inanguruma kwa chini, na ilitoa joto jingi. Tukuyu ni mji wa ukungu na manyunyu, na chumba kile ndicho pekee chenye joto katika jengo zima. Wafanyakazi walitundika humo makoti yao yakauke. Kwa hiyo mwangwi wa mwandishi aliyependwa kuliko wote katika nchi ulikaa katikati ya harufu ya sufu iliyolowa.

Kulikuwa na sheria. Zamani, miangwi ilipoanza, kampuni moja ya muziki ilimweka mwimbaji aliyekufa akiimba matangazo ya sabuni kwa miaka, mpaka mama yake mzazi akaenda kukaa chini mlangoni pao na watu wakakaa naye. Tangu hapo ikaamuliwa kwamba marehemu asifanywe kibarua wa milele. Mwangwi uwashwe kwa kazi moja tu, ile aliyoiacha njiani. Kazi ikikamilika, mwangwi ufungwe siku hiyohiyo, na aufunge yuleyule aliyeuwasha.

Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Gwantwa, chini ya sweta. Kila alipoinama uligonga kifungo.

*

Lugano alikuja alipotoka shuleni, kama kila siku. Alikuwa binti wa miaka kumi na saba, mrefu kama mama yake, na tangu matanga alikuwa akifunga kichwa kwa kitambaa cheusi kilichoanza kupauka. Alivua viatu mlangoni, ingawa hakuna mtu mwingine aliyevua.

"Shikamoo, mamdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umelowa."

"Ukungu tu." Akavuta kiti mpaka karibu na kipaza sauti. "Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula makande."

"Makande ya shule si kula, ni kujaza nafasi. Mtihani?"

Gwantwa alijifanya anapanga karatasi. Hakuwahi kuwaacha peke yao, kwa kuwa sheria haikuruhusu, lakini alikuwa amejifunza kusikiliza bila kusikia. Lugano alieleza habari za mtihani wa fizikia, za rafiki yake aliyehamia upande wa wale wasomaji wanaojiita Wasiguse, za bibi ambaye sasa anazungumza na kuku. Mwangwi ulicheka palepale ambapo Tusekile angecheka.

"Mama, leo umeandika nini?"

"Nimeandika mbuzi."

Lugano akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa mkono. Gwantwa aliinua macho. Kicheko kile kilikuwa na kitu cha ziada ndani yake. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyepona.

"Mbuzi ni mzuri," Lugano alisema. "Endelea hivyohivyo, mama. Usiharakishe."

"Siharakishi. Ila nakuomba kitu kimoja, Zawena. Ukienda mtoni usisahau tena viatu."

Mitambo iliendelea kunguruma. Lugano alibaki vilevile, mkono ungali mdomoni.

"Mimi ni Lugano, mama."

"Ndiyo, ndiyo. Lugano. Nimesemaje?"

"Hakuna kitu."

Alipovaa viatu vyake mlangoni vidole vilikosa kamba mara kadhaa.

*

Ofisi ya Bwana Mwasomola, mkurugenzi, ilitazama barabara, na barabarani walikuwa wasomaji. Walikuwa wamepiga mahema kando ya uzio wa shirika, wasichana wengi na wavulana wasiotaka kuonekana, wamegawanyika kushoto na kulia kama mashabiki wa mpira. Waguse walivaa rangi ya kaa la moto. Wasiguse walivaa kijivu. Katika hadithi ya Tusekile, binti wa ukungu akimgusa mtu wa moto, mmoja wao hana budi kupotea, na hakuna aliyejua nani. Waguse walisema mapenzi ni kugusa, liwalo na liwe. Wasiguse walisema anayekupenda hakupotezi. Asubuhi ile walikuwa wametupiana maandazi.

"Maandazi leo," Bwana Mwasomola alisema, mgongo kaupa dirisha. "Kesho mawe. Mama Gwantwa, nimesoma hiyo sura ya mbuzi."

"Ndiyo, bwana."

"Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa. Huyu mbuzi ametumwa na nani?"

"Bado sijui."

"Tangu lini wewe hujui?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelia msibani waziwazi, tai imekaa upande. Lakini shirika lilikuwa limeahidi kitabu cha saba, na nchi nzima ingekipokea kwenye vishikwambi kwa wakati mmoja, kama ilivyopokea vingine.

"Mwangwi unaanza kuchoka," alisema. "Wewe umeona kabla yangu. Kila sura mwangwi unayoandika, wewe unairudisha ndani yake. Ni kama uji unaoongezwa maji kila siku. Utabaki weupe tu."

"Mwangwi umemwita binti yake Zawena."

Bwana Mwasomola akakaa.

"Basi ndiyo hivyo," alisema mwishowe. "Ijumaa, Mama Gwantwa. Ikifika Ijumaa haujamaliza, tutapigisha kura wasomaji, tuulishe mwangwi jibu lao, uandike hilo. Wakisema waguse, waguse. Wakisema wasiguse, wasiguse. Kitabu kitoke."

"Hicho hakitakuwa kitabu chake."

"Na cha mbuzi ni chake?"

Gwantwa aliomba ruhusa, akatoka.

*

Alikuwa mtu wa kuanzia mwanzo. Alitoa rasimu zote za Tusekile, kitabu hadi kitabu, akaziweka juu ya mikeka ya sakafuni na kuzipitia akiwa amepiga magoti. Kila ukurasa ulikuwa vita: mistari iliyokatwa, maneno yaliyorudishwa, alama za hasira pembeni. Tusekile hakuwahi kuandika sentensi bila kugombana nayo.

Isipokuwa sura za mwisho.

Aliketi juu ya visigino akatazama tena. Katika vitabu vyote sita sura ya mwisho ilikuwa safi. Haikuwa na mkato wala neno lililorudishwa. Ilikuwa imeandikwa mara moja kama mtu anayenakili kitu alichokwisha kukijua. Na zote, alipoangalia, zilifika ofisini mwanzoni mwa muhula, shule zikifunguliwa.

Shule zikifunguliwa watoto wanasukwa nywele.

Akaiona sebule ya Tusekile kama alivyoikuta Jumapili nyingi alipopita kwa chai. Tusekile kwenye kochi. Lugano kwenye mkeka, kati ya magoti ya mama yake, shingo imeinamishwa. Chanuo, kopo la mafuta, na Tusekile akizungumza, akizungumza tu, vidole vikienda na maneno yakienda, na mtoto akiuliza, "Halafu?" Gwantwa alikuwa akiketi pembeni na kikombe chake, akidhani anasikia mama akimbembeleza mtoto asilie kwa kuvutwa nywele.

Alikuwa ameulisha mwangwi kila neno la kazi. Nyumbani hakugusa. Aliona nyumbani si kazi, na kwamba hata mfu ana haki ya sebule yake. Hilo lilikuwa ndilo kosa lenyewe. Mwangwi haukuwa unachelewesha. Haukuwa na mwisho wa kuandika, maana Tusekile hakuwa na mwisho wowote mpaka vidole vyake viwe kwenye nywele za mtoto.

Na mtoto alikuwa ameusikia.

*

Alimkuta Lugano nyuma ya nyumba ya bibi yake, akianua nguo ambazo hazijakauka. Nyavu za kuvuna ukungu zilikuwa zimetandwa juu ya mlima mzima, zikidondosha maji mifereji ikajaa.

"Mama alikusuka kabla hajalazwa," Gwantwa alisema baada ya salamu.

Lugano alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Alinisuka nusu. Nusu nyingine alimalizia hospitalini, kitandani. Nesi alimgombeza."

"Akakwambia mwisho."

"Mamdogo, usiniulize."

"Sikuulizi mwisho. Nauliza kama alikwambia."

Msichana alitazama kaburi katikati ya migomba, ambalo maua yake ya plastiki yalikuwa yamejaa matone. "Nikisema mnamzima."

"Ndiyo," Gwantwa alisema. "Nikiupata mwisho, kitabu kinakamilika, na mimi ndiye nitakayezima. Sitakudanganya."

"Sasa unataka nini?"

"Nimekuja kukwambia ninachokijua, halafu niondoke. Usiposema, Ijumaa wasomaji watapigishwa kura, mwangwi utaandika watakachosema wao, na utazimwa hivyohivyo. Nikipinga kura, nikaeleza kwamba mwisho upo lakini aliye nao hataki kuutoa, huenda wakangoja. Sheria inampa mrithi haki ya kusema. Utapata miezi. Labda mwaka."

Lugano aligeuka. "Utafanya hivyo?"

"Nitafanya. Kazi yangu watampa mtu mwingine, lakini nitafanya. Ila umesikia alivyokuita juzi."

"Alikosea. Hata akiwa mzima alikuwa akiniita jina la shangazi."

"Kweli, alikuwa akikosea. Lakini huyu atazidi. Kila siku atakuwa na maneno mengi ya Zawena na machache ya kwako. Utakuja umtembelee, naye atakuuliza habari za mtoni."

Lugano alilitupa lile shati ndani ya beseni. "Kwa hiyo niseme umzime, au ninyamaze afifie. Hayo ndiyo umeniletea?"

"Ndiyo hayo."

"Wewe ungefanya nini?"

Gwantwa alilifikiria swali lile kwa uaminifu. Alitamani mno kuujua mwisho, tamaa ya miaka. Aliogopa kwamba jibu lolote atakalotoa litakuwa limetoka kwenye tamaa hiyo.

"Sijui, mwanangu. Mimi naye tulikuwa tukigombana tu. Wewe ulikuwa magotini pake."

Bibi aliwaita ndani wanywe chai.

*

Siku iliyofuata Gwantwa aliuuliza mwangwi wenyewe. Ilimsumbua kwamba hakuwa ameuliza kabla.

"Tusekile, ukikamilisha kitabu nakufunga. Unataka kumaliza?"

"Usiniulize ninachotaka," mwangwi ulisema. "Hapa nilipo hamna mahali pa kutakia. Nikifika pale mkono unapokaribia shavu, natafuta kitu ambacho kilikuwa kikija hapo, sikioni. Naweka mbuzi." Halafu, kwa sauti ndogo: "Ilikuwa inakuja na harufu ya nini, Gwantwa? Miisho yangu?"

"Mafuta ya nazi," Gwantwa alisema.



*

Ijumaa asubuhi Lugano alifika akiwa hajaenda shule. Kwapani alikuwa na mkeka, na mkononi mfuko wa kitambaa. Alivua viatu. Alisogeza makoti ya watu, akatandika mkeka mbele ya kipaza sauti, akaketi, akafungua kile kitambaa cheusi. Nywele zilikuwa zimesimama na kufungamana, hazijaguswa tangu hospitalini, na kwenye ncha bado zilikuwa na mikunjo ya ususi wa zamani.

"Mamdogo, unajua kusuka?"

"Vibaya."

"Mama naye alikuwa akisuka vibaya. Nisuke twende kilioni tu. Hakujua mtindo mwingine."

Gwantwa aliketi kwenye kiti, msichana akajisogeza kati ya magoti yake. Ndani ya mfuko mlikuwa na chanuo lililopungua jino moja na kopo la mafuta. Alianza kuchambua kutoka kwenye ncha, polepole.

"Ni sauti gani hiyo?" mwangwi uliuliza.

"Chanuo, mama."

"Nani anasukwa?"

"Mimi."

"Nilikuwa nakusuka?"

"Ulikuwa unanisuka. Ulikuwa unaniumiza."

"Huo ni uzushi."

"Muulize mamdogo."

"Ni kweli," Gwantwa alisema. "Nusu ya mtaa walikuwa wakisikia."

Mwangwi ulicheka, na Lugano akacheka, na Gwantwa akapata njia ya kwanza katikati ya kichwa. Ilikwenda upande. Akaifumua.

"Ulikuwa unasuka huku unanihadithia," Lugano alisema. "Mimi nauliza, 'Halafu?' Leo nahadithia mimi. Uliza wewe."

"Haya."

"Zawena yuko mlangoni mwa jumba la majivu. Hakuna mbuzi."

"Nilimpenda yule mbuzi."

"Mama."

"Hakuna mbuzi. Halafu?"

"Mkono unafika. Anamgusa shavuni. Wote wawili wamefumba macho, kila mmoja anangoja kupotea, kila mmoja anaomba apotee yeye."

"Halafu?"

Gwantwa alishikilia shada la nywele bila kuvuta. Barabarani mtu alikuwa akiimba wimbo wa Waguse, na Wasiguse wakimzomea.

"Halafu hapotei mtu. Kinachopotea ni ukungu. Unamtoka Zawena, unashuka mlimani, unakwenda zake. Na moto unamtoka Imari vilevile. Wanafumbua macho. Yeye ni msichana tu, na yeye ni mvulana tu, wamesimama mlangoni kumepambazuka. Na Zawena anatetemeka, hajui ana nini, maana ukungu hausikii baridi. Anamwambia Imari, 'Nasikia baridi.' Imari ananyoosha mikono atoe moto kama zamani. Haina kitu."

"Halafu?" mwangwi uliuliza, na safari hii neno lilitoka kama pumzi.

"Halafu wanakwenda kutafuta kuni. Kama watu wengine."

Mashine iliinua mngurumo wake. Kwenye kioo cha mezani maneno yalianza kupanda, mstari chini ya mstari, na Gwantwa aliona kutoka alipoketi kwamba hakuna uliorudi nyuma. Sura ilikuja safi. Ilipofika neno la mwisho ikasimama.

"Imekamilika, Gwantwa," mwangwi ulisema. "Soma ukipenda, lakini usiguse."

Kwa miaka yote ile, kwa kila kitabu, Tusekile alimwambia hivyo, na yeye aligusa kila mara. Safari hii alisoma, hakugusa. Kisha akatazama kichwa kilichokuwa kati ya magoti yake. Upande mmoja ulikuwa umesukwa. Upande wa pili ulikuwa umesimama kama msitu.

Sheria ilisema siku hiyohiyo. Haikusema saa.

Alichovya vidole kwenye mafuta, akaendelea. Alisuka kwa uangalifu kuliko alivyowahi kufanya jambo lolote, njia nyembamba, zilizo karibu, nyingi kuliko zilizohitajika. Bwana Mwasomola alifungua mlango, akawaona, akaona kioo. Alisimama hapo na koti lake lililolowa mkononi, halafu akarudisha mlango bila kulitundika koti.

Mama na binti walizungumza. Walizungumza habari za fizikia, za bibi na kuku wake, na kama makande yanafaa kuitwa chakula. Mara moja mwangwi ulisema "Zawena," ukajirudi wenyewe, "Lugano," na Lugano akasema, "Naam."

Njia ya mwisho ilikuwa nyuma ya sikio. Gwantwa aliifunga kwa uzi.

"Inamisha kichwa nione," alisema, na Lugano akainamisha.

"Amependeza?" mwangwi uliuliza.

"Njia zimekwenda upande."

"Basi kama zangu."

Gwantwa alivuta kamba kutoka chini ya sweta. Hakumwomba Lugano atoke, na Lugano hakutoka. Aliegemeza tu shavu lake kwenye meza, karibu na kipaza sauti, macho kayafumba.

"Mama, kwaheri."

"Nenda salama, mwanangu. Ukale kitu cha maana."

Ufunguo uliingia, ukazunguka. Nyuma ya pazia mngurumo ulishuka, ukashuka tena, ukaisha.

Walikaa. Barabarani kelele zilipanda ghafla kisha zikakatika, kwa kuwa Bwana Mwasomola alikuwa ameikuta sura kwenye kioo chake na kuwatumia wasomaji bila kungoja. Kila mtu kule nje alikuwa ameinamia kishikwambi, Waguse na Wasiguse, kimya kimoja. Ukungu ulikuwa umefika dirishani. Kuta zilianza kupoa taratibu, na makoti ya watu yakaning'inia mabichi.

Lugano alijikunyata juu ya mkeka, akajishika mabega.

"Mamdogo," alisema, "nasikia baridi."

Gwantwa alikusanya chanuo na kopo, akakunja mkeka, akampa mkono wenye mafuta amwinue.

"Jiko la chai liko chini," alisema. "Twende tukatafute mkaa."